Namba Tatu Kwenye Jiwe la Mama

Siku niliyosoma kifo cha baba yangu kwenye jiwe, baba yangu mwenyewe alikuwa nyumbani Kitanga anakula maharage. Najua alikuwa anakula kwa sababu nilimpigia simu palepale, nikamsikia anatafuna. "Niko mezani," alisema. "Kuna nini?" Nikamjibu hakuna kitu, nikakata simu. Sijawahi kusema uongo mkubwa kama ule kwa maneno mawili.

Nilikuwa Kasulu mjini, kwenye karakana ya fundi mawe ya makaburi, nyuma ya safu ya mafundi majeneza. Nilikuwa nimetoka Kibondo, ninakofundisha shule ya msingi, shule zilipofungwa. Nilikuja kuangalia jiwe la mama limefikia wapi.

Mama alifariki masika ya mwaka uliotangulia. Presha ilimwangusha akiwa anaanika mihogo asubuhi, na kufika saa saba mchana tulikuwa hatuna mama. Tulimzika nyuma ya nyumba, karibu na mibuni aliyoipanda kwa mkono wake. Kaburi likabaki udongo na msalaba wa mbao, na mvua za Kitanga, ambazo hazina adabu, zikaanza kulila pembeni.

Baba naye alikuwa mgonjwa. Tezi dume ilikuwa imemfunga mkojo, na tangu msiba uishe alikuwa anatembea na mpira na mfuko uliofichwa chini ya koti lile refu alilolivaa miaka yote ya ukarani wa mahakama ya mwanzo. Daktari wa Kasulu alisema afanyiwe upasuaji hospitali kubwa, na asicheleweshe, kwa sababu figo zilianza kulalamika. Baba alimsikiliza kwa heshima zote, akakunja barua ya daktari mara nne, akaitia mfukoni.

"Nikishamjengea mama yako nitakwenda," aliniambia. "Siwezi kulala kitanda cha hospitali wakati yeye amelala kwenye tope."

Baba akisema jambo ameliapia. Nikalivalia njuga suala la jiwe. Wadogo zangu wawili, mmoja Tabora na mwingine Dar es Salaam, walichangia walichoweza na ujumbe mwingi wa pole. Mimi ndiye niliyepanda basi na kumtafuta fundi. Kila siku ambayo jiwe halijakamilika ilikuwa siku ambayo figo za baba zinaendelea kuharibika, na nilikuwa nazihesabu siku hizo hata nikiwa darasani.

Fundi yule alikuwa Muha wa hapahapa, mtu wa makamo, aliyejifunzia kazi Mwanza na kurudi na kidole kimoja pungufu. Nilimwagiza jiwe la granaiti nyeusi, la mtu mmoja, la kusimama kichwani pa kaburi. Akaniandikia maneno kwa penseli kwenye karatasi ngumu, halafu akanieleza masharti yake. Yeye hakati hata herufi moja mpaka mtu wa familia aisome karatasi ile kwa sauti, herufi moja moja na namba moja moja, kisha atie saini chini. Saruji ukikosea unapaka upya, alisema, lakini granaiti haina huruma. Alishawahi kumzeesha marehemu mmoja wa Buhigwe kwa miaka kumi, na ndugu nusura wampige kwa jiwe lilelile, kama wangeweza kulinyanyua.

Nilikuwa tayari kusoma na kusaini. Nilipompigia baba kumweleza, akakataa. "Jina la mke wangu nitalisoma mwenyewe," alisema. Angepita kwa fundi siku ya kliniki, akienda kubadilisha mpira. Nikaona ni mapenzi hayo. Njiani kurudi Kibondo nilitokwa na machozi ndani ya basi, mjinga mimi.

Sasa nimerudi, na fundi ananiongoza kati ya mawe yaliyoegeshwa ukutani. Karakana ile ni paa la bati na nguzo, sakafu yake tope la kijivu lisilokauka. Granaiti huletwa kwa lori kutoka Mwanza, mabamba makubwa kama milango, upande mmoja umeshang'arishwa. Fundi hulikata bamba kwa grinda yenye diski ya almasi, huku dumu lililotobolewa likidondosha maji kwenye mkato, kwa sababu bila maji diski inaungua na vumbi linakwenda moja kwa moja mapafuni. Nilimkuta amevaa koti la mvua juani.

"Hili hapa la mama," akasema, akavuta gunia.

Jambo la kwanza nililoliona ni upana. Jiwe lilikuwa pana mara mbili ya nililoagiza. Kushoto palikuwa na jina la mama, siku aliyozaliwa na siku aliyofariki, herufi za rangi ya dhahabu, zimenyooka vizuri kuliko nilivyotarajia. Kulia palikuwa na jina la baba, na chini yake siku aliyozaliwa. Na chini ya hiyo: *Alifariki 202*. Baada ya ile mbili ya mwisho palikuwa na nafasi tupu, ya kutosha namba moja.

Sikuelewa haraka. Akili ilisoma, ikakataa, ikasoma tena. Mimi hufundisha hesabu darasa la sita, na hesabu ikajifanya yenyewe kichwani bila kuombwa: miaka inayoweza kuingia kwenye ile nafasi inahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Hapo ndipo nilipompigia baba na kumsikia anatafuna.

Nilipokata simu nikamgeukia fundi. Sitaki kujisifu, lakini nina mdomo. Nilimwambia ni mchawi. Nilimwambia hata mafundi majeneza wa hapo mbele wana utu, wanasubiri mtu afe ndipo wapime, na yeye anawapimia watu wakiwa hai! Mafundi majeneza wakaacha randa wakaja kusimama mlangoni. Yule fundi alisubiri mpaka pumzi ikaniishia.

"Mwalimu, tulia kwanza," akasema. Akafuta mikono kwenye suruali, akafungua sanduku la bati, akatoa ile karatasi ngumu.

Maneno ya upande wa kulia hayakuwa kwa penseli ya fundi. Yalikuwa kwa kalamu ya wino, kwa mwandiko ulioinamia kulia ambao naufahamu tangu nikiwa mtoto, mwandiko wa hati za wito na hukumu za wezi wa mbuzi. Ile 202 aliiandika mwenyewe. Chini yake saini yake, na chini ya saini mstari, kama alivyokuwa anafunga kila ukurasa mahakamani.

"Mume na mke tunawawekea pamoja, ni kawaida," fundi alisema kwa sauti ya chini. "Aliye hai tunamkatia ishirini tu, hiyo ya elfu mbili na kitu. Kule kijijini umeme wa kuendeshea mashine hauna uhakika, basi siku ikifika naenda na tindo na nyundo, namalizia palepale. Lakini mzee akasema ongeza na mbili. Nikamwambia *oya*, hapana, mzee, utajifungia. Akasema, andika, mimi ndiye ninayesaini."

Nikakaa chini, juu ya kipande cha jiwe chenye maji. Kumbe hakuna aliyekosea. Baba hakuwa na nia ya kwenda hospitali, sasa wala baada ya jiwe. Nilikuwa nimekimbizana na jiwe lile miezi yote nikidhani ndilo litakalompeleka kwa daktari, na yeye alikuwa amelitumia kuandika kwamba hatakwenda. Nilimkasirikia kiasi kwamba masikio yalipata moto.

"Ifute," nikasema.

Fundi akanitazama kama vile nimemwambia aufute mlima. Herufi za granaiti hazifutwi, akanieleza. Ukijaza gundi na unga wa jiwe, jua likipiga kovu linaonekana, na mtu atasoma tu kilichokuwepo. Njia ni moja: kuusaga uso wote wa jiwe mpaka chini ya vina vya herufi, kisha kuung'arisha upya kuanzia mwanzo. Uso wote. Ukisaga upande mmoja, jiwe linakuwa na ngazi.

"Na mama?" nikauliza, ingawa nilishajua.

"Na mama atoke. Tutamrudisha."

Halafu akaongeza kwamba itachukua siku nne tano, na kwamba jiwe la unene ule linavumilia kusagwa mara moja tu. Mara ya pili litapasuka. Na tena, aliyesaini ni mzee, yeye fundi hawezi kuharibu kazi iliyosainiwa. Nikamnyang'anya karatasi, nikaandika chini ya saini ya baba *Isagwe*, nikasaini jina langu, na nikapiga mstari chini yake. Mtoto wa nyoka ni nyoka.

Nililala kwa mama yangu mdogo hapo mjini, na kila asubuhi nilikuwa karakana. Siku ya kwanza fundi alifunga kwenye grinda diski nzito yenye meno ya almasi, akanipa mpira wa maji nimwagie. Nilisimama pale nikimwagia maji jina la mama yangu huku likisagwa. Rangi ya dhahabu ndiyo iliyotangulia kutoka, ikateremka na maji hadi kwenye viatu vyangu. Kisha herufi zikaanza kuwa fupi. Granaiti nyeusi ikisagwa haibaki nyeusi. Inageuka kijivu kama majivu ya jikoni, na jina la mama likawa kivuli juu ya kijivu hicho. Herufi ya mwisho kutoka ilikuwa ile ya kwanza ya jina lake la ubatizo, iliyokatwa kwa kina kuliko zote. Nilitaka kupiga kelele fundi aache. Sikupiga. Nilimwaga maji na kulia, na bahati yangu mashine ilikuwa na sauti kubwa.

Jioni niligusa uso wa jiwe. Ulikuwa mkavu na wa kukwaruza, kama ulimi wa ng'ombe. Baba akapiga simu kuuliza jiwe litafika lini. Nikamwambia umeme unakatika-katika. "Tanesko hao," akasema kwa upole, na upole wake ukaniumiza kuliko kama angegomba.

Kung'arisha ni kazi ya subira. Fundi ana vibandiko vya msasa wa almasi saba, kuanzia wa kukwaruza mpaka laini kama kitambaa, na kila kimoja lazima kifute mikwaruzo ya kilichotangulia kabla hujaenda kinachofuata. Ukiruka kimoja, jiwe litakusaliti mwisho wa kazi. Siku mbili nzima nilimwangalia akizungusha, akiosha, akilaza shavu karibu na jiwe kutafuta mikwaruzo, akirudia. Mpaka cha tano jiwe lilikuwa bado kijivu. Nilipomuuliza kama kweli litarudi kuwa jeusi, alicheka. "Linarudi lote kwa mpigo, Mwalimu. Mwishoni."

Siku ya nne, tukiwa na kibandiko cha sita, pikipiki ikasimama nje. Baba akashuka kwa shida, kwanza mguu, kisha koti, kisha mkono mmoja ukishikilia ule mfuko kwa ndani. Nilikuwa nimesahau kabisa. Ilikuwa siku ya kliniki.

Aliingia akiwa tayari amevua kofia, kama anayeingia kanisani. Akatazama jiwe. Akatazama kushoto, palipokuwa na mama, pakiwa patupu. Sijawahi kuuona uso wa baba ukiwa hivyo, hata siku ya mazishi.

"*Mana yanje*, Mungu wangu," akasema. "Mmemfuta mama yenu?"

"Nimewafuta wote wawili," nikasema. Nilikuwa na maneno matamu niliyokuwa nimeyaandaa siku nne, na hakuna hata moja lililokuja. "Yeye nitamrudisha. Wewe ulijiua kwa kalamu, baba, halafu ukaenda kula maharage!"

Fundi akazima mashine. Baba akachukua ile karatasi mezani, akaisoma, akaliona neno langu na saini yangu.

"Kusaini juu ya kazi ya mtu aliye hai bila idhini yake," akasema, "ni kosa."

"Na kujiandikia kifo?"

Alifikiri. Kweli alifikiri, karani yule. "Hilo sikulikuta kwenye sheria yoyote."

Fundi akamsogezea benchi. Alikaa akiikunja kofia yake. Nilikuwa bado nimesimama na mpira wa maji mkononi, maji yakinitiririkia miguuni, sikumbuki hata kuyafunga.

"Uliisoma kabla ya kuifuta?" aliniuliza.

"Niliisoma."

"Basi. Nilitaka uisome. Kukwambia kwa mdomo nilishindwa." Akasema, bila kuniangalia, kwa ile sauti ya mtoto anayekiri amevunja chungu: "Naogopa, mama."

Baba zetu huku hutuita mama tangu tukiwa wadogo, ni jina la upendo tu. Lakini lile neno lingine sikuwahi kulisikia kinywani mwake. Huyu ni mtu aliyekwenda peke yake usiku msituni Kagerankanda kupeleka hati ya wito kwa jambazi. Akaniambia kwamba alimpeleka kaka yake hospitali kubwa miaka mingi iliyopita kwa ugonjwa huuhuu, akamsubiri kwenye ngazi, na akarudi naye akiwa maiti nyuma ya lori. Hakuwahi kutueleza zaidi ya kwamba baba mkubwa alifia safarini. Jiwe aliliona ni njia ya kumaliza shauri mapema, kabla ya kupelekwa na yeye kwenye ngazi zile. Nilikuwa nimemkasirikia mtu jeuri, na kumbe nilikuwa nagombana na mtu mwenye hofu. Hilo lilinishtua kuliko zile namba tatu.

Nikapiga magoti kwenye tope la jiwe. Nikamwambia nitakwenda naye, nitalala sakafuni chini ya kitanda chake, na akitaka kurudi tutarudi wote, kwenye kiti cha basi. Aliangalia jiwe.

Fundi, Mungu ambariki, akaona aendelee na kazi. Akafunga kibandiko cha saba, akawasha mashine. Na kama alivyosema, weusi ukarudi kwa mpigo: kijivu kikapasuka katikati, kisha weusi ukatambaa hadi pembeni, na jiwe likaanza kuonyesha bati la paa, nguzo, na sisi.

Baba akainuka. Akaandika maneno ya mama upya kwa kalamu yake, akayasoma kwa sauti, herufi moja moja, namba moja moja, akatia saini na mstari.

"Na upande wako, mzee?" fundi akauliza, akiniangalia mimi kwa jicho la pembeni.

"Acha wazi."

"Hata jina?"

"Hata jina. Mtoto wangu anajua kusaini."

Fundi akabandika stika ya mpira juu ya jiwe, akazichonga herufi kwa wembe, kisha akapuliza mchanga kwa kompresa mpaka jina la mama likazama tena ndani ya jiwe. Sisi hatukungoja rangi ikauke. Kesho yake tulipanda basi la kwenda hospitali kubwa. Mlangoni pa chumba cha upasuaji nesi alimpa fomu ya ridhaa, akamwonyesha pa kusaini. Baba akaisoma yote kwa sauti, neno kwa neno, foleni nzima ikisubiri na nesi akipumua kwa nguvu. Akasaini, akapiga mstari. Akanipa koti lake. "Nikichelewa," alisema, "mwambie fundi sasa akate namba zote nne kwa pamoja. Zile tatu zilimsumbua bure." Nikacheka, kisha nikakaa kwenye ngazi na lile koti kwa saa tatu ambazo sitaki kuzirudia.

Jiwe tulilisimika Kitanga wiki tano baadaye. Baba alisimamia saruji kwa fimbo, bila mpira wala mfuko, amekonda, anagombeza kila mtu. Walipoondoka mafundi alibaki amesimama mbele ya upande wake mtupu. Nilimfuata kimyakimya, nikasimama nyuma yake, nikachungulia. Jiwe lilikuwa safi kama kioo. Mibuni ya mama ilikuwa ndani yake, na uso wa baba, na begani pake uso mwingine wenye mvi juu ya paji ambazo sikuwa nimeziona kwenye kioo chochote cha Kibondo. Nilishtuka nikashika kichwa.

Baba alinitazama humo humo ndani ya jiwe.

"Sogea huko," akasema. "Hapo ni pangu."